Mashati ya Dada Zuhura Yanarudi Mombasa

Dada Zuhura,

Salamu kutoka London, mvua haijui kuchoka. Mdogo wako nimeharibu. Ofisa wa forodha aliniuliza kuhusu mashati yako, nami nikavimba kifua: "Yameshonwa Mombasa, tena kwa kitambaa cha India, si mchezo!" Akatabasamu, akaandika. Kumbe nafuu ya ushuru ni kwa kitambaa cha kwetu tu, na mashati yako yakatozwa ushuru kamili. Mnunuzi wetu wa hapa Edgware Road anasema ushuru si wake, amekataa kuyapokea, na mkataba wetu haukutaja ni nani wa kuulipa. Akina mama wa cherehani waliokushonea, wape habari hii polepole. Oda nyingine ikija, nunua kitambaa kilichofumwa Kenya, na mkataba uandike wazi nani atalipa ushuru. Ulisema kwa mdomo huu nitafika mbali. Nimefika, ila mashati yako ndiyo yanarudi. Nakupenda, usinitukane sana.

Idi