Kishingo wa Wazazi Weupe

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Sisi wazima wa mwili, ila banda ni tupu. Ugonjwa wa kideri umefagia kuku wote wa kishingo, wale wetu wa shingo tupu, mbegu ya bibi yako. Hata Mkaguzi, jogoo aliyekuwa akimdona baba yako kifundoni kila asubuhi, amekwenda. Baba yako anajidai kufurahi, lakini nimemkuta amesimama bandani peke yake.

Nimeazima tetea kwa jirani. Yai la kumwachia kiotani asihame sina, nimemwekea kiazi.

Yale mayai yao uliyoyachukua kwa ajili ya maabara yenu yaliishia wapi? Roho inaniuma.

Mama yako

18 Februari

Mama, shikamoo,

Poleni sana. Futa machozi, ukoo haujapotea! Tulitoa chembe za uzazi kwenye mayai yako, tukazipandikiza kwa jogoo na tetea weupe. Hao tulikuwa tumewahariri vinasaba wasiwe na mbegu yao wenyewe. Wenyewe weupe pee, kama uonavyo kwenye picha hii, ila watoto wao ni kishingo halisi.

Mradi unafungwa, na mkuu wangu ameniruhusu trei moja tu ya mayai yao. Nimeyatuma kwa basi leo. Yaatamishe, Mama, hakuna mengine.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Salama huko? Barua yako sijaiona, ila mayai yamefika. Ahsante, umetukumbuka! Madogo, lakini matamu. Nimewaita majirani, nikakaanga na kile kiazi. Baba yako kalamba sahani.

Mama yako

27 Februari

Shikamoo Mama.

Mmekula ukoo mzima. Nimelia mbele ya mkuu wangu, naye akanipa kitambaa cha kufutia darubini.

Binti yako

15 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Nilikaa kimya kwa aibu, na baadaye kwa hofu ya kukupa tumaini la bure.

Unajua kile kiazi? Siku ile nilimwonea huruma tetea wa watu, kukumbatia kiazi. Nikakitoa nikikaange, nikaweka yai lako moja mahali pake. Akaliatamia. Katoka kifaranga, nami sikuamini, maana kwenye picha iliyokuja na ile barua yako iliyochelewa, wazazi wake wamevaa manyoya hadi kidevuni. Nikasema tusubiri.

Sasa ni jogoo, na shingo imebaki tupu. Na leo asubuhi amemvizia baba yako mlangoni, akamdona kifundoni, palepale pa zamani. Baba yako ametukana, kisha akakaa kizingitini akalia, akisema, "Ni yeye!"

Jirani anakodisha matetea. Njoo uone.

Mama yako