Isilale na Maji

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile uliposhuka bwawani kwa miguu yako, boti kwapani na kofia imekaa upande, ukarudi umelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani. Siku ya tatu ukatuacha. Mengi tumeyazoea bila wewe. Meza yako ya karakana bado hakuna aliyethubutu kuipanga.

Wengi walikujua kama fundi wa kutengeneza cherehani. Miaka thelathini na minne ulikaa kwenye chumba kile chenye dirisha moja, ukizifufua mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Hukuwahi kumcheka mtu aliyeharibu kitu kwa kutojua. Ulimcheka aliyejifanya anajua, na huyo ulimcheka mpaka ukavua miwani ufute machozi.

Ila mapenzi yako yalikuwa kwenye maboti, vile viboti vya betri vya kuendeshwa kwa rimoti, virefu kama mkono wa mtu mzima. Umbo la nje hukulijali sana, na rangi ulimwachia yeyote aliyetaka kuchafuka. Kazi yako ilikuwa kule ndani. Mota ulizifungia kwenye vipande vya alumini ulivyokata mwenyewe kwa msumeno na kuvipiga tupa hadi vikang'aa. Shafti zako hazikuwa chuma kigumu bali waya mnene uliosokotwa, unaopinda bila kuvunjika, nao ulipita ndani ya kibomba cha shaba kutoka kwenye mota mpaka nje ya mkia wa boti, kwenye propela. Kibomba hicho ulikipinda juu ya goti lako, kidogo kidogo, huku unapiga mluzi. Wengine walinunua vilivyopindwa kiwandani, kisha wakaja kwako uvirekebishe.

Jirani yetu kinyozi hatausahau ufundi wako. Mtu ambaye mkono wake hautetemeki kwenye shingo ya mteja, boti yake ilikuwa inatetemeka mpaka inamwaga skrubu. Alikuja akitaka mota kubwa zaidi. Wewe ulilegeza skrubu za mota aliyokuwa nayo, ukafumba macho, ukaizungusha shafti kwa vidole viwili, taratibu, mpaka mota ikakaa pale shafti ilipotaka ikae. Ndipo ukakaza. Ukamwambia mota haina kosa, ni yeye aliyeilazimisha. Tangu siku hiyo alikunyoa bure, na nywele zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

Na sisi ulitulea hivyohivyo. Kaka yetu mkubwa alipoacha chuo katikati, ukoo mzima ulimjia juu, simu hazikupumzika. Wewe ulisema tu alegezwe kwanza, kukaza kutakuja baadaye. Leo ana tanuri lake la mikate na wafanyakazi sita, na kila akisimulia maisha yake anaanzia kwenye sentensi ile.

Ulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kati ya propela na mkono wa chuma unaoishikilia lazima ibaki nafasi ya unene wa kucha, kwa sababu waya ukibeba mzigo hujivuta na kufupika. Ya pili ulituimbia hadi tukaisikia usingizini: boti isilale na maji. Kila ikitoka bwawani, kabla hata ya chai, waya uchomolewe, ufutwe, upakwe grisi, urudishwe. Maji yakibaki ndani ya kibomba waya utashika kutu na kung'ang'ania humo, na ukiuvuta kwa nguvu unaondoka na sakafu ya boti.

Mama, uliyemwita Meneja, aliiona grisi hiyo kila mahali: kwenye vitasa, kwenye masikio ya vikombe, mara moja kwenye blauzi yake mpya asubuhi ya harusi. Alisema mbele ya mashahidi kwamba mkono wake hautagusa vidude vyako mpaka anaingia kaburini. Ulimjibu kwamba hiyo ni sawa, Meneja hashiki spana.

Aliyeshika alikuwa binti yako wa pili. Ulimwita Bisibisi tangu ana miaka sita, kwa sababu ndicho kitu alichokukabidhi kabla hujakiomba. Alipokuwa mtu mzima, mwenye kazi na watoto wake, bado kila Jumamosi alikuwa pembeni yako bwawani. Jumamosi ile pia. Boti ilikuwa ndiyo kwanza imetoka majini ulipokaa kwenye ukingo na kusema kifua kinabana. Yeye na kinyozi walikubeba hadi kwenye gari. Ukamshika mkono, ukasema neno moja tu: boti.

"Usijali, Baba," akakwambia. "Nitaipaka mimi."

Ukafumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Baada ya hapo hukuzungumza naye tena.

Hakuipaka, Baba. Kinyozi aliipitisha boti nyumbani jioni hiyo, akaiacha kwenye meza ya jikoni. Bisibisi alikuwa hospitali usiku na mchana, kisha yakafuata mazishi na watu waliojaa nyumba nzima. Siku ya saba ndipo alipokumbuka. Aliikuta stoo, imewekwa juu ya rafu. Hakuthubutu kuigusa propela hata kwa kidole. Aliizungushia shuka kuukuu akafunga mlango, na mwaka mzima hakushika bisibisi wala kukanyaga bwawani.

Sisi tulidhani ni majonzi tu. Wenzako wa bwawani walipoomba boti yako iingizwe majini siku ya kumbukumbu, mara alisema betri imekufa, mara chaja haionekani. Mwishowe alimwambia kaka yake ukweli. Alisema boti hiyo ni ya mwisho kutoka mikononi mwako na yeye ndiye aliyeiua, na kwamba neno la mwisho ulilosikia kutoka kwake lilikuwa uongo. Kaka yetu anajua mikate, si kutu. Alimwambia tu waifungue pamoja.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, waliiweka kwenye meza ya jikoni. Bisibisi akapanga vifaa vyako kama ulivyokuwa ukivipanga, akaandaa mafuta ya kulainisha kutu. Alipoinama kutafuta kiskrubu kidogo kinachoushikilia waya kwenye mota, aliona kitu. Kichwa cha kiskrubu hicho kilikuwa kimechunika, kimekwaruzwa kwa kifaa kisicho chake. Wewe hukuwahi kukwaruza skrubu maishani mwako.

Akashika propela kwa vidole viwili. Ikazunguka.

Akaizungusha tena, kimya, laini. Akalegeza kiskrubu, akavuta, na waya wote ukatoka bila kusita, mzima, unang'aa, umepakwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini haikuwa grisi. Ilikuwa nyeupe, na ilinukia limau. Kaka yetu aliinusa mara mbili. Harufu ile sote tumekua nayo, ni mafuta ya mgando ya mama anayojipaka akitoka kuoga.

Mama aliingia na kapu la nguo, akawakuta wamemtumbulia macho. Bisibisi akamuuliza lini. Mama akaweka kapu chini kwanza.

"Asubuhi ya pili nilirudi kumchukulia shuka," akasema. "Nikaikuta hapo inadondosha maji. Funguo za karakana zilikuwa kwenye suruali yake, hospitalini, nikatumia mafuta yangu na kisu cha mezani. Nilijua akirudi ataniuliza habari za boti kabla hajaniuliza habari zangu."

Tulilia, Baba, hatutakuficha. Bisibisi alilia kuliko sote, ameinamia bega la mama. Kaka alipouliza mbona hakusema mwaka mzima, mama alijibu kwamba tungemcheka, na kweli, katikati ya kilio, tulimcheka.

Waya uliporudishwa, Bisibisi aliupimia pale mama alipokuwa ameuacha, penye alama ya kiskrubu. Akapitisha ukucha wake kati ya propela na mkono wa chuma, na ukucha ukaenea sawasawa. Miaka yote ile uliyodhani Meneja hasikilizi, alikuwa anasikiliza.

Siku ya kumbukumbu, bwawani ulijaza watu. Boti yako ilinyooka kama ulivyoiacha, haikutetemeka, haikupiga kelele, na mahali pa kukata kona ilikata bila kupunguza mwendo. Kinyozi alivua kofia. Bisibisi ndiye aliyeshika rimoti kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na tulimwona anapiga mluzi. Ilipotoka majini kaka yetu akafungua chupa ya chai, akaanza kumimina. Mama akafunika kikombe chake kwa kiganja, akasema bado. Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo la mafuta ya mgando.

Tunaokukumbuka ni Meneja wako, mwanao mkubwa wa mikate, Bisibisi, kitinda mimba wako aliyesafiri usiku kucha ili awahi, dada yako, shangazi yetu, ambaye cherehani yake imegoma na anakataa fundi mwingine aiguse, wakwe zako, wajukuu zako watano, kinyozi, na watu wote wa bwawani.

Utusamehe ule usiku mmoja, Baba. Tangu hapo boti yako haijalala na maji, na wewe hutoki mioyoni mwetu.