Vipigo vya Barni Ulivyonificha

Mjukuu wangu Rahma,

Huna haya. Salamu sikupi leo, na usikae huko Uingereza ukadhani bibi kasahau. Sikusahau, nimekunyima. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa vidarasa vitatu nilivyosoma Unguja, na kabla sijaitia kwenye bahasha nitawasomea wanawake wote wa kahawa hapa Ghubra. Umeniaibisha mbele yao, na mie nakusema mbele yao.

Unakikumbuka chumba cha nyuma, nilipokaa eda ya babu yako. Weye ulikuwa na miaka kumi na nne. Ukirudi skuli unavua viatu mlangoni, unakuja na sahani yako ya wali, unakaa chini ubavuni pangu. Siku moja ukalivuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, lenye vijarida vya Kiingereza alivyonunua babu yako alipokuwa karani Nairobi, kabla hajanioa. Visa vya ngumi vitupu. Karatasi zimegeuka rangi ya chai, zinamomonyoka ukizishika, na juu ya jalada majitu mawili yanatoana meno. Babu yako akivisoma kila baada ya alasiri, akicheka mpaka kofia inamwanguka. Miaka thelathini nikimuuliza, "Unacheka nini, Bwana Said?" Akinambia, "Hutafahamu, Zamzam. Mambo ya Kizungu haya." Kisha anaendelea kucheka peke yake. Mungu amrehemu, lakini hilo lilinikaa rohoni.

Ndiyo maana uliponambia, "Bibi, nikusomee kwa Kiswahili?" nikaona umenifungulia mlango niliogonga maisha yangu yote.

Kisa cha mwanzo ndipo nilipomjua Barni. Muoka mikate, mnene, masikio yamejaa unga, anapigana kila Jumamosi kwa sababu mjomba wake kamwandikisha bila ya kumuuliza. Kisa kile alipigwa. Akaanguka chali, unga ukatoka masikioni ukapanda juu kama moshi. Nikalia. Ukakifunga kijarida, ukanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wako.

"Kesho atashinda, bibi," ukanambia. Nikadhani umechungulia mbele.

Kesho yake kweli akashinda. Akashinda na siku ya pili. Akashinda kaazima kaptura ya kaka yake, mpira umekatika, mkono mmoja unapiga, mmoja umeshika kaptura. Akashinda na lile jitu lenye mafua: lilipokwenda chafya ulingoni, Barni akasimama akaliombea rehema, "Yarhamukallah." Jitu likashughulika kushukuru, likasahau kujikinga, likala ngumi ya pua. Nilicheka siku ile mpaka mama yako akaja kuchungulia, mjane gani huyu. Na kila baada ya pigano, mjomba akimpa Barni bilauri ya sharubati ya ukwaju. Mie sikushtuka. Nikasema kumbe Wazungu nao wana ukwaju. Nikasema labda huyu Barni kasilimu, hataki tu watu wajue. Nilikuamini, Rahma. Unapomwamini mtu humuulizi habari za ukwaju.

Eda ikesha, ukaendelea kunisomea, miaka sita, mpaka ulipopata nafasi ya masomo ukaondoka. Na visa vile mie nikivipeleka kwenye kahawa. Unaijua kahawa yetu: saa nne asubuhi, kila siku nyumba ya mtu mwengine, tende, halwa, na maneno. Wenzangu wanasimulia wakwe zao, mie nasimulia Barni. Bi Zuwena akija na teksi kutoka Azaiba, hata buibui hajavua, anauliza, "Haya, Bi Zamzam, kamtoa nani meno jana?" Nami niliyekuwa nakaa karibu na mlango kwa kuwa kisomo changu kidogo, nikapewa mto wa juu, nikamiminiwa kahawa mwanzo.

Mwezi uliopita kaingia mgeni, Bi Thuraya, mwalimu aliyestaafu, kahamia kutoka Wattaya. Akasema anapenda sana vijarida vya zamani, vipi, vipo? Nikainuka mwenyewe kwa maringo, nikamletea sanduku zima. Akavaa miwani. Akasoma kimya. Halafu akanitazama.

"Bi Zamzam, mbona hapa kapigwa?"

"Kapigwa nani?"

"Huyu Barni wako. Raundi ya pili tu, kalala."

"Wallahi hajapigwa!" nkamwambia. "Hajapata kupigwa ila mara moja, tena mwanzo, alikuwa hajazoea."

Akafungua chengine. Kapigwa. Akafungua cha tatu. Kapigwa na refa, bahati mbaya, kabla kengele haijalia. Wanawake wakaanza kuziba midomo kwa mitandio.

"Basi na yule wa yarhamukallah?" Bi Zuwena akauliza.

Bi Thuraya akavua miwani. "Yarhamukallah? Mzungu gani huyo, bibi we?"

Wakacheka. Hata Zuwena, shoga yangu wa miaka ishirini, alicheka mpaka akamwaga kahawa. Nami nimeshaapa kwa jina la Mungu, wanawake kumi na moja wananisikia. Nikamuuliza shekhe. Akasema sina kafara, niliapa kwa nnavyojua. Nkamwambia, shekhe, hivyo nnavyojua ndiyo aibu yenyewe. Nikafunga siku tatu.

Nilipokupigia simu ulikiri. Halafu ukasema kwa kisauti, "Bibi, ulilia. Nilikuonea huruma."

Huruma! Nani alikuomba? Mie nimezika watoto wawili. Nimefungasha nyumba nzima Unguja kwa siku moja, nikavuka bahari kuja kuanza hapa na sufuria tatu. Leo nisiweze kuhimili muoka mikate kupigwa ngumi? Eda ni miezi minne na siku kumi. Siku ya kumi na moja ungenambia, "Bibi, nilikudanganya," ningekutwanga kofi moja yakesha. Weye ukaniweka eda miaka sita.

Tena ulikosea tangu mwanzo. Sikulia kwa kuwa Barni kapigwa. Ule unga ulipomtoka masikioni kicheko kilinipanda mpaka kooni, na papo hapo nikajua: hapa ndipo kofia ilipokuwa ikimwanguka babu yako. Miaka thelathini nataka kujua, nimejua yeye kaburini. Hilo ndilo lililoniliza. Mlango ulifunguka kidogo, weye kwa huruma zako ukaja kuufunga. Nimekaa miaka sita nacheka kicheko chako, nadhani ni chake.

Sisemi visa vyako vibaya. Ulimi unao, na umeurithi kwangu. Ungenambia ni vyako ningevisimulia kwa jina lako nikajivuna mara mbili. Ulichonipa ni uwongo wenye sura ya babu yako.

Bi Thuraya kajitolea kunisomea. Nimekataa. Yule anasoma kama anayeita majina ya darasa, na mie sitaki kumsikia babu yako kwa sauti ile. Sanduku nimelitia kufuli.

Likizo yako imekaribia. Ukishuka uwanja wa ndege hutakwenda kwa mama yako wala kwa shoga zako. Utakuja hapa, saa nne, kahawa itakuwa kwangu na wote watakuwepo. Utawaambia kwa kinywa chako kwamba mwongo ni weye, si mie. Kisha utakaa chini, utakifungua kile kijarida cha pili, ulipoanzia uwongo wako, usome kama kilivyoandikwa, neno kwa neno, pamoja na ulevi wao na matusi yao. Usininyanyulie macho kutazama kama nalia. Akipigwa, muache apigwe.

Bibi yako, mzaa mama yako