Soketi Tuliyokutafutia, Baba Kasereka

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka hapa Bukoto, na lile gari jeupe bado limekaa uani. Kuku wa jirani wameshaanza kutaga ndani.

Wewe Kasereka Muhindo, fundi wa umeme wa magari, ulikuwa mtu wa kuuliza. Redio ya mtu ikikoroma, pasi ikigoma, unafungua kwanza, unashika waya na kusema, "Hii waya iko naenda wapi?" Hata hospitalini ulimuuliza nesi hivyo kuhusu mashine yake. Akacheka, akakueleza mpaka ukaridhika.

Gari lile ulimwahidi Mama. Kompyuta ya injini ilipokufa, ukanunua nyingine ya kampuni tofauti, ukatuambia hiyo ndiyo bora. Nyaya ukazipanga mwenyewe, ukazifunga utepe wako mwekundu. Ikabaki soketi tu, ya kuziunganisha na kompyuta. Ulisema umeshaipata. Basi iko wapi? Mama hakutaka fundi mwingine aguse nyaya zako. Alitaka kusikia injini ikiwaka kwa kazi ya mikono yako.

Tumeitafuta kweli. Mwanao Tresor amepita maduka ya spea mpaka miguu ikamvimba, picha ya soketi iko kwenye simu. Za kufanana ziko tele, yenyewe hakuna. Muuzaji mmoja alituapia kwamba ndiyo hiyo hiyo, kumbe ni ya friji. Ungecheka, Baba, halafu ungeifungua uone ndani kuna nini.

Mwezi uliopita Tresor alimwonyesha picha jirani yetu Dolphine, yule Mkenya anayepeleka nyanya soko la Nakawa. Dolphine akafungua boneti ya pikapu yake, akatuita na Mama tuje tuone. Soketi ile pale, na utepe mwekundu juu yake.

"Si ni hii? Yangu iliungua," akasema. "Mzee akaniwekea hii, akasema kwake imelala tu. Mama, niitoe nikurudishie?"

Mama akaushika ule utepe, akaufuatisha kwa kidole. Kisha akasema, "Wacha pale. Ukiitoa, nyanya zitaenda ku soko na nini?"

Mimi Darlène nilikasirika, Baba, sikufichi. Sisi tunahangaika mwaka mzima, kumbe ulishaigawa! Lakini Mama alirudi nyumbani akicheka peke yake, na tangu tukuzike hatukuwa tumemsikia akicheka.

Gari lako bado halijawaka, na Tresor bado anatafuta. Ila kila alfajiri pikapu ya Dolphine inapokohoa na kuondoka, Mama husimama dirishani akisikiliza, halafu hukujibu kwa sauti: "Iko naenda soko."

Unakumbukwa na mkeo Séraphine, wanao Tresor na Darlène, mjukuu wako Princesse, na jirani yako Dolphine.

Hatutakusahau, Baba, hata siku gari litakapowaka.