Gitaa la Besi Mlangoni

Mjukuu wangu Idi, mume mwenzangu,

Marahaba. Huku Magomeni tu wazima, ila bibi yako analalamika hupigi simu.

Umeuliza kama lile gitaa dogo la besi, la kubeba safarini, litakufaa, maana hela yako haifiki kwenye kubwa. Hata mimi, ujanani, yangu haikufika. Dukani Kariakoo muuzaji alinichomekea jekundu kwenye spika kubwa kama kabati, likanguruma mpaka nikatoa pochi, japo hela haitoshi. Mara umeme ukakatika. Nikaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa mbao ili mbao ibebe mlio, kama tulivyozoea wapigaji tusio na spika. Likatoa mlio mkavu, kama ubao unaogongwa. Nikajaribu dogo lililopauka rangi, la bei ya chini. Mlango mzima ukaimba. Msichana aliyeuegemea kwa nje, akikwepa jua, akachungulia.

"Kaka, rudia. Nimelisikia mgongoni."

Nikanunua hilohilo. Kwa hiyo mwambie muuzaji azime spika, kisha utafute mlango.

Hadi leo bibi yako akininunia, naegemeza gitaa kwenye mlango wa jikoni, napiga taratibu, nangoja aegemee.

Babu yako