Gundi ya Madirisha ya Terna

Kaka yangu mpendwa Jostein,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini u mzima na kwamba baridi ya huko bondeni haikusumbui kama hii ya pwani. Sijui mnafanya nini kwenye mashamba ya matofaa mwezi wa Januari. Mama anasema mnapogoa miti, Baba anasema mnalala. Sisi huku kwa mwili hatujambo. Mama anakohoa kidogo na amenikataza kukuandikia kwamba anakohoa, basi ndiyo hivyo umeshajua. Jua lilirudi juma lililopita baada ya giza la majira ya baridi, likachungulia juu ya mlima na kuondoka, tukala keki kama kawaida. Chewa wameanza kuingia.

Habari yenyewe ni kwamba msimu huu nakwenda baharini na boti yetu, Terna. Usishtuke. Boti imekaa imefungwa gatini tangu ulipoondoka, lile dirisha la mbele limezibwa kwa plaiwudi kama jicho la Baba lilivyozibwa kwa kitambaa, na mimi nimechoka kuipita kila asubuhi nikienda kutumbua samaki wa watu wengine. Mama alilia, kisha akaniambia nivae soksi mbili mbili. Baba alisema tu kwamba boti haitoki na plaiwudi usoni, na hapo ndipo habari ya madirisha ilipoanza.

Nilileta nyumbani dawa tatu za kuzibia, nikazipanga juu ya meza ya jikoni. Ya kwanza silikoni, ile inayonuka siki. Nilipoifungua Mama akauliza nani anatengeneza samaki wa siki bila kumwambia. Ni rahisi kutumia, lakini ikishagusa mbao hakuna rangi itakayoshika tena hapo, nikaiweka pembeni. Ya pili ile gundi nyeusi ambayo Baba hutumia siku zote. Ya tatu ni utepe mzito wa kunata, laini kama unga uliokandwa, unaobanwa kwa skrubu kati ya fremu na ile plastiki ngumu tunayotumia badala ya kioo. Mimi niliupenda utepe. Plastiki ya dirisha inasinyaa kwenye baridi na kutanuka juani, na utepe unaifuata inakokwenda. Isitoshe, ukitaka kulitoa dirisha siku moja, linatoka bila vita.

Baba aliposikia akanicheka. Alisema utepe ni wa kubandika picha za watoto wa shule, na kwamba gundi nyeusi ikishika, hata wewe mwenyewe ukijishika nayo unazikwa nayo. Nikamwambia plastiki na gundi nyeusi havipatani sana, jua likipenya huila gundi kwa nyuma. Akasema, "Aslaug mwanangu, gati zima hili madirisha yao nimeyaweka mimi. Umesikia hata mmoja analalamika?" Lakini wewe na mimi tunalijua dirisha moja ambalo halikukaa.

Kaka, nisamehe, lazima nikurudishe pale. Unajua bandari inavyosema. Kwamba uliikimbiza Terna dhidi ya mawimbi ili uwe wa kwanza kushusha samaki, wimbi likapiga, dirisha likaingia ndani na kona yake ikachukua jicho la kushoto la Baba. Torleif, mvuvi mwenzetu mwenye boti yake, mpaka leo akinywa kahawa pale kwenye mizani ya samaki, anakuita dereva wa magari ya mashindano, na wenzake wanacheka. Nami miaka hii yote nimenyamaza, kwa sababu wewe mwenyewe ulisema ni kweli, ukafunga begi ukaondoka bila hata kumwamsha Mama.

Basi nikaenda kuyatoa madirisha matatu yaliyobaki, ili yote yawekwe upya. Nilijitayarisha kwa vita. Nilibeba kisu kipya, waya wa kukatia, na matusi ya kutosha, maana gundi ile inajulikana. Nikaingiza ncha ya kisu kwenye dirisha la kwanza, nikavuta. Jostein, gundi ilitoka yote, mzunguko mzima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Haikuacha hata alama kwenye mbao. Upande wake wa nyuma ulikuwa laini na unang'aa. Nikaupitisha kidole, kikateleza. Nikanusa. Ilikuwa mafuta ya ini la samaki.

Nilikaa chini kwenye kiti chako cha usukani.

Unakumbuka Babu alivyokuwa akifanya zamani za puti, lile rojo zito la kushikia vioo kabla ya gundi? Alikuwa anaipaka fremu mafuta ya ini kwanza, mbao zinywe zishibe, zisije zikainyonya puti ikakauka na kupasuka. Wazee wote wa huku walifanya hivyo, na walikuwa sahihi. Baba aliacha puti akachukua gundi, lakini mkono wake haukuacha mafuta. Na gundi hii inataka mbao kavu, safi, zilizofutwa kwa spiriti. Juu ya mafuta haishiki kitu, inalala tu. Ndiyo maana dirisha lile halikupasuka. Liliingia ndani zima, na hakuna hata mtu mmoja katika bandari hii ya wajuaji aliyejiuliza kwa nini. Hata mimi sikujiuliza.

Niliupeleka ule ukanda wa gundi nyumbani. Baba alikuwa anakula viazi na chewa. Nikauweka kando ya sahani yake. Nilidhani atashangaa, na hapo ndipo roho yangu ilipovunjika, kwa sababu hakushangaa. Aliuangalia kwa jicho lake moja, akaendelea kutoa miba. Kisha akasema aliuona mwingine kama huo siku ile ile ya ajali, unaning'inia kwenye fremu wakati wewe unamfunga shati usoni, na baadaye alirudi akaukata akautupa majini. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulitaka niseme nini? Boti yangu, gundi yangu, jicho langu. Nimelipa." Nikamwambia aliyelipa ni Jostein. Akasema kijana angerudi tu mwenyewe, hasira zikipoa. Mama aliacha kijiko, akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Hakujua, naapa hakujua.

Tangu ajali hajapaka mafuta tena, na madirisha ya wengine gatini ameyaweka baada ya hapo. Lakini madirisha ya Torleif aliyaweka kabla, msimu ule ule alioweka ya Terna, kwa mkono ule ule. Torleif amekuwa akitoka na watu wake nyuma ya madirisha hayo, na Baba alikuwa anakunywa naye kahawa. Nilimwambia kama haendi kumwambia, nakwenda mimi.

Alikwenda. Nilimkuta asubuhi kwenye boti ya Torleif, ameshang'oa dirisha moja, na Torleif anamfokea: "Umerukwa na akili, mzee? Dirisha zima hilo, unaling'oa wiki ya samaki?" Wanaume walikuwa wamekusanyika na vikombe vyao. Nikangoja aseme. Baba akasema kopo lile la gundi lilikuwa bovu kutoka dukani, kwamba ameona dalili, na atawawekea upya bure. Torleif akamshukuru. Wakampiga begani, wakasema ndiyo maana wanamwamini. Jina lako halikutajwa.

Kaka, nilikuwa naweza kunyamaza. Watu wa Torleif walikuwa wameshanusurika. Nikaingia katikati yao, nikasema kwa sauti iliyotetemeka kama ya mbuzi kwamba duka halina kosa, kwamba ni mafuta, kwamba dirisha la Terna lilitoka kwa sababu hiyo hiyo, hata ingekuwa inakwenda polepole kama jeneza, na Baba alijua tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Torleif alimwaga kahawa yake majini, akaondoka bila kumtazama mtu. Baba alikusanya vifaa vyake taratibu, akanipita kama nilivyokuwa nikiipita mimi ile plaiwudi.

Tangu hapo anakula bandani. Hasemi nami. Mama anampelekea sahani, lakini hata yeye hasemi naye sana. Watu wa gatini wananisalimu kwa heshima ambayo siitaki. Madirisha ya Terna nimeyaweka kwa utepe, mwenyewe, mbao kavu kabisa, na nikayamwagia maji kwa mpira; hakuna tone lililoingia. Nilipomaliza niligeuka kumwita Baba aje aone, ndipo nikakumbuka.

Jicho la Baba hukulitoa wewe, Jostein. Soma sentensi hiyo mpaka uiamini. Sikuandikii ili umchukie, maana mimi mwenyewe nimejaribu na sijaweza. Sikuandikii pia ili urudi. Kama matofaa yamekupenda, kaa nayo. Ila usikae huko kama mtu aliyefukuzwa.

Mama anakukumbatia na kukuomba ule vizuri. Nasalimia wote unaoishi nao huko. Baba hajakutumia salamu. Nilisimama nje ya mlango wa banda nikamuuliza kama anayo ya kuniambia nikuandikie, nikasikia amezima redio ili afikiri, nikangoja mpaka vidole vikafa ganzi. Hakusema kitu, lakini redio hakuiwasha tena.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Aslaug