Chungu Hakikufika kwa Mwanaharakati

Toongabbie, Sydney

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi shemeji imekufikia. Na Mama, kifua chake kinaendeleaje? Sisi huku wazima. Mshono wangu wa upasuaji umefunga, mjukuu wako Baraka ananyonya kama analipwa, na Tumaini ameng'oka meno mawili ya mbele. Mume wangu anakuamkia. Salamu nimezitoa kwa heshima zote. Sasa Baba, kaa vizuri, maana nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. "Rehema, nasikia huko umekuwa mwanaharakati. Usituaibishe." Basi. Hukuuliza nimefanya nini. Yule binamu wa mwenyekiti wetu wa huku, anayeishi hapo Korogwe, amekuletea jina bila kisa, nawe ukalipokea hivyo hivyo.

Kisa ni hiki. Sisi Watanzania wa huku tuna umoja wetu, na katiba yake inasema mwenyekiti anakaa miaka miwili. Huyu wetu yuko kwenye mwaka wa tano. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa adabu kabisa: "Ndugu zangu, uchaguzi lini?" Maneno hayo tu. Mwenyekiti akajibu, "Naona tumeingiliwa na wanaharakati." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Jumapili iliyofuata naomba lifti baada ya ibada, naulizwa leo maandamano ni wapi. Nikisema pilau limezidi chumvi, huo nao ni uanaharakati. Mwisho Tumaini akarudi kutoka kucheza ameinamisha kichwa: "Mum, are you really a mwanaharakati?" Aliuliza kama anayeuliza kama nina ugonjwa. Mwenzake alimwambia kwamba mama yao amewakataza kuja kwetu.

Hayo yote nilimeza. Kilichonishinda ni chungu.

Huku hatuna mama wala shangazi wa kumhudumia mzazi, kwa hiyo wanawake tumejiwekea zamu. Mtu akijifungua, orodha inapita kwenye kundi, kila mmoja anaandika jina na siku yake, na kwa siku arobaini mzazi hashiki mwiko. Mimi nimepika zamu hiyo tangu nilipofika. Nimepanda treni hadi Lidcombe na sufuria ya mtori wa ndizi na nyama mapajani, nimeifunga taulo, abiria wananiangalia, nimetoka kwenye zamu ya kuwaogesha wazee kazini na miguu inawaka moto. Sikuwahi kukosa hata siku moja.

Zamu yangu ya kupikiwa ilipofika, orodha ilipita. Halikuandikwa jina hata moja. Siku ya nne Mama Asha, niliyempikia mara mbili, alinipigia akinong'ona: "Dada, mimi sina neno na wewe, ujue. Ila baba watoto anasema nisijiingize kwenye siasa." Siasa! Ndizi na nyama, Baba, zimekuwa siasa! Nilikuwa na mshono mbichi, mume wangu yuko ghalani anapakua mizigo, na mimi nimesimama jikoni nakoroga uji huku nashikilia tumbo.

Aliyekuja ni jirani wa chini, Mama Espérance, Mkongomani, mjane mwenye watoto watano. Alisimama mlangoni na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. "Mutoto nasikia analia, lakini batu siwaone. Batu benu biko wapi?" Nilikula lile sombe nikilia, yeye akaosha vyombo na hakuniuliza mimi ni wa upande gani.

Wiki iyo hiyo ndipo sauti yako ikaingia.

Baba, nakumbuka ulivyokuwa ukiongeza sauti ya redio wakitajwa wanaharakati wa uhuru. Ulitunyamazisha tusikilize. Neno lile lile! Lini limegeuka kuwa tusi mdomoni mwako? Nimewaza sana nikiwa na Baraka kifuani, nikagundua mimi naijua njia ya maneno haya, kwa sababu nimeipita nikiwa mtoto, nyumbani kwako.

Wewe ulikuwa balozi wa nyumba kumi. Vyama vingi vilikuwa vimeingia, na Mzee Hoza, fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akatundika bendera ya chama kingine dukani. Sheria ilimruhusu. Mwanzo ulimwita mpinzani kwa utani, mkicheka wote wawili. Kisha ukaacha kucheka. Halafu mkewe akajifungua, na Mama, kama walivyomzoesha kwao Rombo, akapika mtori chungu kizima. Alikuwa ameshakitwika, kafika mlangoni. Ukasema, "Rudisha. Hatulishi wapinzani." Mama alirudi, akakitua. Tuliula sisi. Ulikuwa mtamu, Baba, mimi nilikwangua chungu kwa vidole. Kesho yake shuleni nikamwambia Hadija, binti yao, "Mpinzani wewe!" Akalia. Maana yake sikuijua. Nilijua tu kwamba linauma, na kwamba umelileta wewe.

Uchaguzi nimeuuliza tena juzi, kwenye kundi lile lile, na nitauuliza tena. Wewe nina ombi moja kwako, na ninaliomba nikiwa na hasira hivi hivi. Mama apike mtori. Usimtume yeye wala mtu mwingine. Uubebe wewe mwenyewe, na goti lako hilo, upige hodi kwa Mama Hoza, umwambie umechelewa. Mtoto wake yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Mwambie hivyo hivyo, umechelewa. Ukishafanya hilo, nitumie sauti nyingine uniite jina lolote, nitaitika.

Mpe Mama mkono wangu, mwambie simlaumu kwa kurudi siku ile. Mdogo wangu wa mwisho asome, aache simu. Shangazi wa Mombo mwambie kanga zake zimefika, ndizo ninazombebea Baraka.

Ni mimi binti yako Rehema, niliyekula mtori wa Mama Hoza.